Joto na Halijoto: Historia Fupi ya Kupoza Kompyuta, kwa Mfano wa Ngarambe

Ngarambe ni kijiji cha Rufiji, kusini ya mto huo, na jina lake limo katika vitabu vya historia kwa sababu ya Kinjikitile Ngwale, ambaye mwaka 1904 alianza kugawa maji ya dawa kwa watu waliomjia kutoka karibu na mbali. Vita vya Maji Maji vilianza mwezi wa Julai 1905 katika vilima vya Umatumbi, naye Kinjikitile akanyongwa na Wajerumani huko Mohoro tarehe 4 Agosti mwaka huo huo. Mwaka 1968 Chuo cha Dar es Salaam, ambacho wakati ule kilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika ya Mashariki, kilifanya utafiti wa kukusanya masimulizi ya vita vile, na habari zilizopatikana ziliwekwa katika karatasi.

Mtafiti aendaye Rufiji siku hizi hafanyi hivyo. Sauti za wazee hunaswa kwa chombo kidogo, huingizwa katika kompyuta, na humo huandikwa, hupangwa na kulinganishwa. Karatasi ina maadui wake wajulikanao tangu kale, nao ni mchwa, maji na moto. Kompyuta inao hao, na tena ina adui mwingine azaliwaye ndani yake yenyewe kila inapofanya kazi, naye ni joto. Mashine ipatayo joto kupita kiasi kwanza huwa nzito, kisha hujizima bila kuaga, na ikijizima katikati ya kuhifadhi kazi yaweza kuiharibu kazi hiyo. Kwa hiyo mambo ya joto la kompyuta, ambayo kwa desturi huachiwa mafundi, yawahusu pia wanahistoria na wataalamu wa lugha. Makala haya yataeleza jinsi tatizo hilo lilivyoanza, jinsi lilivyofika Tanzania, na jinsi chanzo chake kinavyoweza kutafutwa kwa utaratibu. Itaonekana pia kuwa sehemu kubwa ya utafutaji huo hutegemea maneno mawili ambayo Kiswahili cha kila siku hakiyatenganishi.

I. Maneno

Kiswahili hakina uhaba wa maneno ya joto. Kuna joto lenyewe, kuna moto, kuna hari na harara yaliyotoka katika Kiarabu, kuna fukuto la siku isiyo na upepo, na kuna uvuguvugu wa maji yasiyo moto wala baridi. Maneno haya yote hueleza jinsi mwili wa binadamu unavyohisi. Hakuna hata moja kati yake litenganishalo vitu viwili ambavyo elimu ya fizikia huvitenganisha, yaani wingi wa joto na kipimo cha ukali wake.

Tofauti hiyo si ngumu kuielewa. Kijiko cha maji yanayochemka ni kikali kuliko pipa la maji ya uvuguvugu, na mtu akimwagiwa kijiko kile ataungua. Lakini pipa limebeba joto jingi zaidi, na litakuwa bado lina uvuguvugu wakati kijiko kimekwisha poa. Huko Ulaya nako mambo haya mawili yalichanganywa kwa muda mrefu, mpaka Joseph Black, mwalimu wa Glasgow na baadaye Edinburgh, alipoyatenganisha kwa majaribio katika miaka ya 1760. Katika Kiswahili cha shule jambo la pili limepewa majina mapya: wengine husema jotoridi, wengine halijoto. La pili limeundwa kwa maneno mawili yaliyo wazi, hali na joto, na ndilo litakalotumika humu. Lakini istilahi mpya haifuti matumizi ya zamani kwa mara moja. Chombo kipimacho halijoto chaendelea kuitwa kipimajoto, ingawa joto kama wingi hakilipimi.

Mitaani kuna neno jingine ambalo lina nguvu kuliko yote hayo. Gari ambalo maji ya rejeta yamekwisha husemwa kuwa limechemsha, na neno hilo limehamishwa kutoka gari hadi kompyuta. Katika lugha ya vijana wa Tanzania mtu aliyeshindwa jambo naye husemwa kuwa amechemsha. Hivyo neno moja limebeba maana mbili, ile ya kupata moto na ile ya kushindwa, wala haishangazi kwamba mwenye kompyuta iliyochemsha huamini upesi kuwa imekwisha kufa. Neno hili lina ladha, lakini lina upungufu mmoja: hutaja mwisho wa jambo na hunyamaza juu ya chanzo chake.

Ama kuhusu kiungo chenyewe kipatacho moto, wengi husema prosesa, na wengine kichakataji. Neno kichakataji limetoka katika kitenzi chakata, ambacho wakulima wa mkonge wakijua zamani, kwani jani la mkonge huchakatwa ili nyuzi zitoke. Mfano huo ni mzuri, maana mashine ya mkonge nayo hula nguvu, hutoa kitu kifaacho, na hutoa pia taka ambazo zisipoondolewa kazi husimama. Taka ya kichakataji ni joto. Karibu nguvu yote ya umeme iingiayo humo hugeuka kuwa joto, na joto hilo halina budi kutolewa.

II. Jinsi joto lilivyofuatana na kompyuta

Mashine ya ENIAC, iliyoonyeshwa hadharani katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania mwezi wa Februari 1946, ilikuwa na vali za kioo karibu 18,000, na ilikula umeme wa kilowati 150 hivi. Kila vali ilikuwa kama taa ndogo. Ilibidi upepo usukumwe kwa feni kubwa usiku na mchana, na wahandisi wake walipata somo ambalo limedumu hadi leo: vali nyingi ziliharibika wakati wa kuwashwa na wakati wa kuzimwa, yaani wakati wa kupata moto na wakati wa kupoa. Wakaamua kuiacha mashine ikiwaka. Hapo ndipo yalipoonekana kwa mara ya kwanza mambo mawili ambayo fundi wa leo bado huyaona, kwamba joto huua, na kwamba mabadiliko ya ghafla ya halijoto huua pia.

Transista iligunduliwa katika maabara ya Bell mwezi wa Desemba 1947. Ilikuwa ndogo, na haikuhitaji kuwashwa moto kama vali, hata ikaonekana kana kwamba tatizo la joto limekwisha. Jack Kilby mwaka 1958 na Robert Noyce mwaka 1959 walionyesha njia za kuweka transista nyingi pamoja katika kipande kimoja. Mwaka 1965 Gordon Moore alitabiri kuwa idadi ya transista katika kipande kimoja itaendelea kuongezeka maradufu kwa muda mfupi mfupi. Wengi hukumbuka utabiri huo, na wachache hukumbuka kuwa katika makala yale yale Moore aliuliza kama joto litokalo katika kipande kidogo namna ile litaweza kuondolewa. Alijibu kuwa litaweza, naye alisema kweli kwa muda wa miaka arobaini.

Sababu ya kusema kweli ilielezwa vizuri mwaka 1974 na Robert Dennard na wenzake wa kampuni ya IBM. Walionyesha kuwa transista ikipunguzwa ukubwa, na volti zake zikipunguzwa kwa kiasi hicho hicho, nguvu inayotumika katika kila eneo la kipande haiongezeki. Kipande kilichojaa transista nyingi zaidi hakikuwa na lazima ya kuwa moto zaidi. Hata hivyo mashine kubwa za wakati ule, ambazo zilitaka mwendo wa kasi kuliko zote, hazikuacha kutafuta njia za kupoa. IBM ilitumia maji kupoza baadhi ya mashine zake kubwa za miaka ya 1960, na tena ikayatumia katika mashine ya 3081 ya mwaka 1980. Mwaka 1985 mashine ya Cray-2 ilitoka ikiwa imezamishwa nzima katika kimiminiko kisichopitisha umeme.

Kompyuta ya nyumbani ilianza ikiwa haina haja ya mambo hayo. Kichakataji cha Intel 4004 cha mwaka 1971 kilikuwa na transista 2,300 tu, na joto lake liliondoka lenyewe. Kile cha 486 cha mwaka 1989 kilianza kuwekewa bamba la chuma lenye mbavu, na Pentium ya mwaka 1993, ambayo ilikula wati 15 hivi, ilizoea kuwekewa bamba pamoja na feni. Kutoka hapo mwendo ulikuwa wa haraka. Pentium 4 iliyotoka mwezi wa Februari 2004 ilitoa joto la wati 89, na matoleo yake ya mbele yalifika 115. Mwezi wa Mei mwaka huo huo Intel iliacha kabisa kichakataji kilichotarajiwa kuifuata, na kuanzia mwaka 2005 ikaanza kuuza vichakataji vyenye viini viwili vyenye kasi ya wastani. Kanuni ya Dennard ilikuwa imefika mwisho, kwa sababu umeme ulikuwa ukivuja katika transista ndogo mno, na volti hazikuweza kupunguzwa tena kwa kiasi cha kutosha. Tangu wakati huo umbo la kila kompyuta ya nyumbani limetawaliwa na joto kuliko na jambo jingine lolote.

III. Rufiji na Tanzania

Mashine yenye shida ya moto ilipata kuonekana Rufiji kabla ya kompyuta kuwako. Manowari ya Kijerumani Königsberg, baada ya kuizamisha Pegasus ya Waingereza katika bandari ya Unguja tarehe 20 Septemba 1914, iliharibikiwa na mitambo yake, ikajificha katika delta. Pale mikokoni hapakuwa na karakana. Vipande vya mitambo viliondolewa, vikapelekwa kwa nchi kavu hadi Dar es Salaam kwa nguvu za watu, vikatengenezwa, vikarudishwa. Kazi ile ilifaulu, lakini muda uliokwenda ulikuwa umewapa Waingereza nafasi ya kuziba midomo ya mto. Manowari haikutoka tena, ikaangamizwa tarehe 11 Julai 1915. Yafaa ikumbukwe kuwa mtambo uliofungiwa meli ile hata mwisho ulikuwa umekwisha kutengenezwa. Kilichokosekana ni uwezo wa kuutengeneza pale pale ulipoharibika.

Kompyuta ya kwanza nchini, ICT 1500 iliyotoka Uingereza, iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mashine za kizazi kile zilikaa katika vyumba maalumu vyenye viyoyozi, na wahudumu wake walikuwa wachache waliofunzwa hasa. Mwaka 1974, mwaka ule ule wa kanuni ya Dennard, serikali ilipiga marufuku kuingiza nchini kompyuta na vifaa vyake, pamoja na televisheni, isipokuwa kwa kibali maalumu. Gharama ilikuwa kubwa, fedha za kigeni zilikuwa haba, na faida ilikuwa haijaonekana. Marufuku hayo yalilegezwa katika miaka ya 1980.

Matokeo ya jambo hilo huzungumzwa kwa kawaida upande wa uchumi. Upande wa ufundi yapo mengine. Miaka kumi ile, ambayo huko Ulaya na Marekani watu wa kawaida walianza kununua kompyuta ndogo, kuzifungua mezani na kujifunza tabia zake, ndiyo miaka ambayo Mtanzania wa kawaida hakuwa nayo ya kuifungua. Kompyuta ya nyumbani ilipofika kwa wingi, ilifika ikiwa tayari na bamba na feni, na ikiwa tayari ni moto. Sera ya Taifa ya Teknolojia ya Habari na Mawasiliano ikatoka mwaka 2003. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa ushirikiano na wenzake wa Sweden, kikatoa Jambo OpenOffice, programu za ofisini kwa Kiswahili, na kazi ile ililazimisha mamia ya istilahi kutafutwa au kuundwa. Lakini istilahi zile zilikuwa za yale yaonekanayo katika kioo cha kompyuta: faili, ukurasa, kuhifadhi, kuchapa. Yaliyo ndani ya kasha yalibaki na majina ya mitaani.

Umeme nao ulikwenda vijijini polepole. Wakala wa Nishati Vijijini uliundwa kwa sheria ya mwaka 2005. Bwawa la Julius Nyerere, lililojengwa katika mto Rufiji wenyewe kwenye mlango ulioitwa zamani Stiegler, lilianza kujazwa maji mwezi wa Desemba 2022, na mtambo wa kwanza ukaanza kutoa umeme mwezi wa Februari 2024. Uwezo wake uliokusudiwa ni megawati 2,115. Kadiri umeme wa gridi na wa jua unavyoenea, ndivyo kompyuta zitakavyozidi kukaa katika nyumba za Rufiji zisizo na kiyoyozi, na ndivyo swali la joto litakavyozidi kuulizwa huko.

IV. Je, nchi ndiyo yenye kosa?

Jibu litolewalo mara nyingi ni kuwa mashine hizi zilitengenezwa kwa ajili ya nchi za baridi, na kwamba joto la pwani haziliwezi. Jibu hilo lina umri mrefu, kwani lilisemwa pia juu ya injini, dawa na vitabu. Linafaa lipimwe kwa hesabu.

Kanuni yenyewe ni fupi. Halijoto ya kichakataji ni halijoto ya hewa iliyo chumbani, pamoja na nyongeza. Nyongeza hiyo hupatikana kwa kuzidisha wati zinazotumika na kipingamizi cha njia ambayo joto hupita kutoka katika kichakataji hadi hewani. Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, kuwa kichakataji kinatumia wati 60, na njia yake ya kupoa ni nzuri, hata kila wati moja inaongeza sehemu 6 za kumi za nyuzi moja. Nyongeza ni nyuzi 36. Katika chumba cha London chenye nyuzi 24 kichakataji kitakuwa na nyuzi 60. Kompyuta hiyo hiyo ikipelekwa Ngarambe, ikawekwa katika chumba chenye nyuzi 34 wakati wa mchana, itakuwa na nyuzi 70. Vichakataji vingi vya leo hujipunguzia mwendo vinapokaribia nyuzi 90 hadi 105, kwa hiyo nyuzi 70 si hatari hata kidogo.

Sasa tuseme vumbi limeziba mbavu za bamba, na kipingamizi kimepanda hata kila wati inaongeza nyuzi moja nzima. Nyongeza itakuwa nyuzi 60. Kompyuta ya London itafika nyuzi 84 na itaendelea kufanya kazi, ikilalamika kidogo kwa sauti ya feni. Ile ya Ngarambe itafika 94 na kuanza kuchemsha. Mwenye mali atatazama jua na kusema kuwa nchi ndiyo iliyoiua. Ukweli ni kuwa nchi imeongeza nyuzi 10, na vumbi limeongeza 24. Hali ya hewa imepunguza nafasi ya kukosea, na kosa lenyewe limetoka mahali pengine, tena mahali ambapo brashi yaweza kufika.

Katika mfano huu wati ni zile zile 60 tangu mwanzo hadi mwisho. Kwa lugha kamili, joto litolewalo na kichakataji halikuongezeka. Iliyopanda ni halijoto yake, kwa kuwa njia ya kutokea imezibwa. Msemaji asiye na neno ila joto tu atasema kuwa "joto limezidi", na fundi amsikiaye atakwenda kutafuta kinachozidisha joto. Pengine atabadilisha kichakataji kizima, na pesa zitakwenda bure. Msemaji awezaye kusema kuwa joto ni lile lile na halijoto ndiyo iliyopanda, amekwisha kumwonyesha fundi mahali pa kutazama.

V. Utaratibu wa kutafuta chanzo

Vyanzo vya halijoto kupanda ni vitatu tu kwa asili, yaani hewa ya chumbani imepata joto, au wati zimeongezeka, au njia ya kutolea joto imepata kipingamizi. Kila kosa dogo litakalopatikana litaingia katika mojawapo ya mafungu hayo, na kazi ya uchunguzi ni kuyaondoa moja moja.

Kwanza hutakiwa vipimo viwili kwa wakati mmoja, halijoto ya chumba na halijoto ya kichakataji. Kipimo kimoja peke yake hakisemi kitu. Nyuzi 75 za adhuhuri na nyuzi 66 za alfajiri zaweza kuwa habari ile ile, ikiwa chumba nacho kimepoa kwa nyuzi 9. Kinachotafutwa ni tofauti kati ya viwili hivyo, na hiyo yafaa iandikwe katika daftari pamoja na tarehe na kazi iliyokuwa ikifanywa. Tofauti isiyobadilika yaonyesha kuwa mashine ni nzima na kwamba hewa ndiyo iliyobadilika. Dawa yake ni kufungua dirisha, kuhamisha meza, au kufanya kazi nzito usiku. Kipimo kionyeshacho kuwa kichakataji ni baridi kuliko chumba hakiaminiki, kwani hewa ya chumba haiwezi kupoza kitu kupita ubaridi wake yenyewe.

Pili, mashine iachwe bila kazi kwa muda, kisha itazamwe kama kweli imepumzika. Zipo programu zifanyazo kazi kwa siri, nyingine halali na nyingine za wahalifu, na kompyuta iliyo moto ilhali mwenyewe hafanyi neno yaweza kuwa inamfanyia kazi mtu mwingine. Hapo wati zimeongezeka kwa hakika, na brashi haitasaidia kitu.

Tatu, utazamwe mwendo wa kupanda. Kompyuta ipewe kazi nzito. Halijoto ikiruka kwa sekunde chache hata karibu na kikomo, kosa huwa kati ya kichakataji na bamba lake: grisi ya kupitishia joto imekauka, au bamba limelegea. Ikipanda taratibu kwa dakika nyingi na isisimame, bamba linapokea joto vizuri lakini hewa hailiondoi: feni imechoka, mbavu zimezibwa, au matundu ya kasha yamefunikwa. Jaribio hili halina gharama, tena hufanywa kabla ya kufungua kitu chochote.

Sababu za fungu hili la mwisho ndizo nyingi zaidi katika nyumba za Rufiji na za pwani kwa jumla. Kiangazi huleta vumbi la njia zisizo na lami. Moshi wa kuni huacha masizi yenye mafuta, na vumbi likinasa juu yake hushikamana kama gamba, hata kupuliza peke yake hakutoshi. Huko delta kuna chumvi ya bahari katika hewa, ambayo hula chuma. Kuna pia desturi njema iliyo na madhara: kompyuta, kama redio na televisheni kabla yake, hufunikwa kitambaa cha kufuma kwa heshima, na kitambaa hicho husahauliwa wakati mashine inawaka. Kompyuta ya mkononi nayo huwekwa juu ya godoro au mto, na matundu yake ya chini huziba. Mambo haya yote huongeza kipingamizi bila kuongeza wati hata moja.

Nne ndiyo matengenezo, nayo yafuate mpango wa kuanza na lililo rahisi. Kifuniko kiondolewe na matundu yaachwe wazi, kisha kipimo kirudiwe. Isipotosha, umeme ukatwe, kasha lifunguliwe, na vumbi liondolewe kwa brashi laini huku mapanga ya feni yameshikwa yasizunguke kwa kasi ya upepo. Kipimo kirudiwe. Isipotosha tena, bamba liondolewe, grisi ya zamani ifutwe, na mpya ipakwe kwa wembamba. Wengi huikosea kazi hii kwa kupaka nyingi, wakidhani kuwa grisi ndiyo ipozayo. Grisi hujaza nafasi ndogo zisizoonekana kati ya vyuma viwili. Ikiwa nene, inakuwa yenyewe kipingamizi. Baada ya kila hatua kipimo hurudiwa, na hatua mbili hazifanywi kwa pamoja, kwani mashine ikipona baada ya matengenezo matatu ya mkupuo mmoja, hakuna ajuaye ni lipi lililoiponya, na ikichemsha tena baada ya mwaka kazi itaanza upya.

VI. Maana ya jambo hili kwa lugha

Utaratibu ulioelezwa hapo juu waweza kufuatwa na mtu yeyote ajuaye kusoma namba, wala hauhitaji karakana ya mbali. Kinachohitajika ni vipimo viwili, daftari, subira, na maneno yanayotenganisha mambo yasiyo sawa. Mafundi wa mitaani wanayo mengi ya haya. Wamejifunza kwa mikono yale ambayo miaka ya marufuku haikuwapa nafasi ya kujifunza mapema, na wengi wao wajua kwa uzoefu kuwa mashine iliyochemsha ghafla na ile iliyochemsha polepole zina maradhi tofauti. Wasichokuwa nacho ni jina la kila ugonjwa, ili ujuzi wa fundi wa Kibiti umfikie fundi wa Utete bila wawili hao kukutana.

Waundaji wa istilahi wamefanya kazi kubwa kwa ajili ya yale yaliyo katika kioo. Yaliyo nyuma ya kioo yanawasubiri bado. Halijoto imekwisha kupata jina, lakini haijatoka shuleni na kuingia karakanani, na hali hiyo itaendelea ikiwa neno litabaki katika kamusi bila kufuatana na kipimo na kazi. Njia iliyo bora yaonekana kuwa ni kuanza na maneno ambayo mafundi wanayo, kama kuchemsha, kuziba, kulegea na kupoza, na kuyapa mipaka iliyo wazi, kuliko kuwaletea orodha iliyoundwa mbali nao. Neno kuchakata lilitoka katika mashamba ya mkonge likaingia katika kompyuta bila kupoteza maana yake, na hapana shaka kuwa mengine yapo yanayoweza kufanya safari hiyo.

Masimulizi ya Ngarambe yamekwisha kupita katika vinywa vya wazee na katika karatasi za mwaka 1968. Sehemu yake iliyokusanywa katika miaka hii ya karibuni imo sasa katika mashine ambazo hujipoza kwa hewa ya chumba. Zikitunzwa na watu wajuao tofauti ya joto na halijoto, hewa ya Rufiji haitazidhuru.